Nimemaliza LLB, nasubiri Law School. Mwaka mmoja wa kukaa steshenari umebadili malengo yangu mara tatu. Je, ni kukua au ni kupotea?

#1 KijanaWaKaunta
Wakuu habari zenu.

Nilimaliza LLB, yaani shahada ya sheria, mwaka jana. Wenzangu wengi walinyoosha moja kwa moja Law School, ile Shule ya Sheria ya kujifunza uwakili kwa vitendo, pale barabara ya Sam Nujoma, Dar. Mimi sikwenda, ada na chumba cha Dar vilizidi uwezo wa nyumbani. Mama mdogo ana steshenari ubavuni mwa Mahakama ya Mwanzo, wilaya moja hapa mkoa wa Morogoro. Akaniambia njoo ukae kaunta, kila mwezi tutaweka kitu pembeni mpaka itimie. Huu ni mwezi wa kumi na moja. Hela inakaribia kutimia, ila yule mtu aliyekuwa anaitafuta hiyo hela naona amebadilika.

Mwaka wa kwanza chuo nilitaka mikataba ya madini na gesi, ofisi ya ghorofani Posta. Mwaka wa tatu nikafanya field ofisi ya mashtaka, nikatoka nataka kuwa mwendesha mashtaka. Sasa hivi nataka kuwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo. Na kuna siku sitaki hata hilo, nataka nibaki hapa hapa niwasaidie watu ambao hawajui hata waanzie dirisha gani.

Aliyenivuruga ni mama mmoja. Alikuja mwezi wa tatu, hela ya kuchapa kaifunga kwenye pindo la khanga. Anataka nimchapie barua ya rufaa. Mirathi ya mumewe, shemeji yake ndiye kateuliwa msimamizi. Nikamuuliza uamuzi ulitoka lini, akanitajia tarehe. Nikahesabu kwenye kalenda ya ukutani: siku ya 41. Rufaa kutoka Mwanzo kwenda Wilaya ni siku 30.

Nikamuuliza, mama, ulikuwa wapi siku zote hizi? Akasema: "Nilikuwa nasubiri nakala ya hukumu mwanangu. Niliambiwa bila nakala nisisogee." Aliyemwambia ni kijana mmoja anayeshinda chini ya mwembe na bahasha ya kaki, anajiita wakili. Alikuwa ameshachukua elfu themanini yake.

Mimi hizo siku 30 nilizisoma, na kwenye mtihani nilizijibu vizuri tu. Lakini darasani 30 ilikuwa namba. Siku ile ilikuwa imekaa kwenye benchi mbele yangu, imevaa ndala, inasubiri nifungue mdomo.

Swali langu kwa mliopita njia hii: kwa nini malengo hubadilika hapa katikati, kabla hata ya kuingia Law School? Ni kukua au ni kupotea?

#2 MtotoWaSinza
Uzi mzito. Naweka kambi hapa.

#3 MzeeWaHoja
Kijana, nitakwambia ambacho wengine watakuonea aibu kukwambia. Hiyo inaitwa hofu. Oktoba 2022 matokeo ya Law School yalitikisa nchi: watu 633, waliofaulu moja kwa moja 26. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Ndumbaro, akaunda kamati ya kuchunguza, Dkt. Mwakyembe akaiongoza. Tangu hapo nimeona wahitimu wengi wa LLB wanasema "nimebadili malengo", ukiwachimba kidogo unakuta wanaogopa kudisko, yaani kufeli na kuondolewa shule. Usiipake hofu rangi ya wito. Nenda kafanye mtihani, malengo utayabadili ukiwa na cheti mkononi.

#4 WakiliWaMkoani
Mleta uzi, kabla ya falsafa tumalize la yule mama, maana kuna mtu anaweza kusoma hapa akiwa na shida kama hiyo.

Rufaa ya shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo hailazimu kuambatanisha nakala ya hukumu. Kwa hiyo yule wa mwembeni alimdanganya, akamlia hela na akamlia siku. Lakini siku 41 si mwisho wa dunia. Anapeleka Mahakama ya Wilaya maombi ya kuongezewa muda, anaeleza kwa kiapo kwa nini alichelewa, na anatakiwa aeleze kila siku iliyopita baada ya ile ya 30. Zake ni 11 tu. Nimeona watu wakieleza miezi. Ulimwambia hilo, au ulibaki kusikitika?

Pili, jihadhari wewe mwenyewe. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, kifungu cha 43: asiye wakili haruhusiwi kuandaa kwa malipo nyaraka za mali au za kesi. Kuchapa alichokuja nacho mtu ni kazi ya steshenari. Kumtungia mkataba wa kiwanja na kumtoza ni kosa, hata kama una LLB ya daraja la kwanza.

Tatu, hilo la uhakimu. Matangazo ya kazi ya hakimu mkazi yanataka LLB na uwe umehitimu Law School. Hakuna mlango wa nyuma. Hao mahakimu wapya wanaopangwa Mwanzo siku hizi wamepita hapo hapo Sam Nujoma.

#5 KijanaWaKaunta
#4 asante kaka mkubwa. Nilimwambia. Sikuandika mimi, nilimpeleka kwa msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa, wale wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, yeye ndiye aliyemsimamia. Mimi nilichapa na kopi sikumtoza. Maombi yameshaingia, yanasikilizwa.

Hilo la kifungu cha 43 limenichoma kwa sababu ni kweli. Miezi miwili ya kwanza nilitunga mikataba ya mauziano, elfu kumi kumi. Nilikuwa nakiona kifungu hicho kichwani na bado naandika, kwa kuwa mteja kasimama na mama mdogo ananiangalia. Nilipoacha alinuna wiki nzima, na haki yake alikuwa nayo, ile hela ndiyo ilikuwa inalipia umeme. Hilo nalo sikulijua darasani. Maadili ya taaluma tulifundishwa kama mada ya vitabuni, hakuna aliyetuambia kwamba siku moja yatakugombanisha na mtu anayekupikia.

#3 mzee wangu, hofu ipo, siikatai. Nililiona lile tangazo la 2022 nikiwa chuo, tukalala hatujala. Ila hofu ingenipeleka mbali na mahakama. Mbona mimi inanisogeza karibu?

#6 DadaMpunga
Mdogo wangu, mimi nilichelewa miaka mitatu. Nilikuwa nanunua mpunga Ifakara, nakoboa, napeleka mchele Dar. Nilipoingia Law School niliwakuta niliosoma nao wameshaapishwa na mihuri yao mikononi.

Nikuambie nilichogundua. Malengo yetu ya mwanzo si yetu. Mwaka wa kwanza unamwona mhadhiri mmoja anaongea vizuri kuhusu uwekezaji, basi na wewe unataka uwekezaji. Nguo ya kuazima. Ukikaa mtaani mwaka mmoja inakuvuka mwilini yenyewe, ndiyo unaanza kujiuliza yako iko wapi. Kwangu ilikuwa madai ya biashara ndogo. Niliwahi kudhulumiwa magunia 14 na mtu tuliyeaminiana, maandishi hatuna. Nilipofika kwenye somo la mashauri ya madai sikukariri kitu, kila hatua nilikuwa naiona sura yake. Nani anaanza, anadai nini, ushahidi uko wapi, muda umebaki kiasi gani. Madai ya mkataba ni miaka sita, na mimi ule wa sita nilikuwa nauona unakuja.

Kwa hiyo kwangu huo mwaka ni sehemu ya masomo. Ila mtaani kuna utamu wake: hela ya kila siku. Ukishazoea kushika elfu ishirini jioni, kukaa darasani mwaka mzima bila kuingiza kitu kunauma kuliko njaa. Mimi karibu nisirudi.

#7 MtotoWaSinza
Nimerudi. #6 dada hujataja maisha yenyewe. Mimi niko jirani na shule, napangisha chumba. Wanakaa watatu watatu, godoro moja na mkeka, maharage ya Jumapili yanafika Jumatano. Mleta uzi, kama hujui kupika wali wa jiko la mkaa jifunze huko huko kwa mama mdogo. Nimeona wanaosapu, yaani wanaorudia mtihani, kwa sababu ya tumbo tu, usiku wa kuamkia mtihani mtu kala chipsi za njiani.

#8 DadaMpunga
#7 hapo umesema. Sisi tulikuwa wanne na sufuria moja. Aliyechelewa kurudi alikuta ukoko.

#9 Makanga_wa_Kisumu
Salamu kutoka Kisumu. Huku kwetu ni Kenya School of Law, Nairobi, halafu mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, halafu miezi sita ya kufanya kazi chini ya wakili mwenye uzoefu. Na enzi zangu kulikuwa na kisiki hapo mlangoni: shule ilikuwa inadai C+ ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kwa jumla, na B ya Kiingereza ama Kiswahili. Mtu alikuwa anamaliza digrii ya sheria vizuri kabisa, kisha anaulizwa gredi aliyopata akiwa mtoto wa miaka kumi na saba. Mimi ni Kiswahili ndicho kiliniokoa.

Kabla ya kuingia nilikuwa makanga, kondakta wa matatu, kwa mwaka na nusu, njia ya Busia. Jina langu hapa ndilo linatoka huko. Nilitaka kuwa wakili wa mashirika makubwa. Kwa gari nikaona jinsi dereva anasimamishwa, anaongea na afisa dakika mbili, kisha siku ya kortini anakubali kosa ambalo hakufanya, kwa sababu kupigania haki kutamla siku tatu za kazi. Faini ni rahisi kuliko haki. Hilo ndilo lilinigeuza. Kwa hivyo mimi sisemi ni hofu wala nguo ya kuazima. Nasema uliona bei. Chuoni hawakuonyeshi bei ya haki, mtaani unaiona kila asubuhi.

#10 MzeeWaHoja
#9 bwana wa Kisumu, hiyo "faini ni rahisi kuliko haki" nimeipokea. Lakini angalia, wewe uliingia shule. #6 aliingia. Wote mnaomtia moyo mmeshavuka mto. Mimi nina mpwa wangu alisema atasubiri mwaka mmoja "aione dunia", huu ni wa saba. Ana LLB, ana boda boda mbili, na kila tukikutana kwenye msiba ananiambia mwakani. Si mtu mbaya, anatunza familia yake. Ila lengo halikubadilika pale, lilikufa polepole bila tangazo. Ndilo ninalomwogopea huyu kijana.

#11 PwaniNjema
Asalaam aleikum wote. Mie niko Unguja. Zamani huku kulikuwa na mavakili, watu wenye ruhusa ya kusimama mahakama za chini tu bila ya kuwa mawakili kamili. Babu yangu mdogo alikuwa na rafiki yake vakili, mzee wa kanzu na mkoba, anajua kila nyumba ya mtaa wa Ng'ambo ina kesi gani. Nikisoma habari za huyu kijana na bahasha yake mwembeni, naona ile nafasi ya vakili ipo kila pahala. Watu wanataka mtu wa karibu wa kuwasemea. Pakikosekana aliyeruhusiwa, anaingia tapeli. Pengine lengo la kijana wetu halijabadilika, ila amekiona kiti kitupu.

#12 KijanaWaKaunta
#11 umenifanya nisimame kidogo kusoma. Kiti kitupu. Ndicho hicho.

Na yule wa mwembeni, sasa mtu akinijia na hadithi ya "wakili wangu kasema", namwomba jina kamili na namwonyesha kutafuta kwenye e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa Mahakama wenye majina ya mawakili. Jina lisipotokea, anajua. Wiki iliyopita mzee mmoja alitafuta, hakuliona, akakaa kimya muda mrefu halafu akaniambia "kumbe nimeuza ng'ombe kumlipa bure". Huyo naye ana ushindi wa Baraza la Kata alioupata mwaka huu, kesi ya mifugo iliyoingia shambani na mpaka wa shamba lenyewe.

#13 WakiliWaMkoani
#12 ushindi gani huo wa Baraza la Kata kwenye mpaka wa shamba? Tangu mabadiliko ya 2021 Baraza la Kata kwenye ardhi linasuluhisha tu, haliamui. Likishindwa, wahusika wanakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na cheti kinachoonyesha kuwa usuluhishi umeshindikana, na siku 30 zikipita bila suluhu wanaweza kwenda hata bila cheti. Karatasi ya "ushindi" aliyonayo huyo mzee isomeni vizuri, isije ikawa ni muhtasari wa usuluhishi tu.

#14 KijanaWaKaunta
Nimeirudia baada ya kusoma #13. Uko sahihi. Juu imeandikwa usuluhishi. Mzee aliambiwa ni hukumu naye akaamini, na mimi nilimchapia risiti zake bila kusoma kichwa cha karatasi. Kesho namtafuta.

#15 Mfasiri_huru
Naomba nichangie upande ambao hamjaugusa. Lugha. Bunge lilibadili sheria 2021, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Lakini kijana huyu kasoma miaka yote kwa Kiingereza, halafu kaja kaunta watu wanamweleza kesi kwa Kiswahili. Hapo ndipo sheria ilipopata maana kwake. Ninyi mnaita wito, hofu, bei. Mimi nasema alikuwa hajawahi kuelewa alichosoma mpaka aliposikia kwa lugha anayoota nayo. Na hao waliofeli 2022 wengi wao ni hivyo hivyo.

#16 DadaMpunga
#15 hapana, hapo kwenye waliofeli usijumlishe. Mimi nimekaa ndani ya lile jengo. Wapo waliokuwa wanaongea Kiingereza cha kunyooka na walidisko, hawajui kuandaa hati ya madai. Ni vitendo. Vyuoni hatujawahi kushika faili halisi.

#17 WakiliWaMkoani
#15 nyongeza ndogo: Mahakama ya Mwanzo imekuwa inaendeshwa kwa Kiswahili siku zote, kilichobadilika 2021 ni huku juu. Na mwaka huo huo ndipo mawakili waliporuhusiwa kusimama Mwanzo iwapo hakimu ni hakimu mkazi. Kwa hiyo, mleta uzi, kama unachokipenda ni watu wa Mwanzo, si lazima uwe hakimu ndipo uwahudumie. Wakili pia sasa anaingia. Hakimu hatakiwi kumfundisha mdaawa, yaani mtu wa upande mmoja wa kesi, cha kufanya, na hicho ndicho wewe unachokipenda. Ukiwa pale juu utamwona yule mama siku ya 41 na utalazimika kunyamaza. Lifikirie hilo.

#18 KijanaWaKaunta
#17 kaka hili sijalala nalo vizuri. Nilikuwa naona hakimu kama mtu mwenye uwezo wa kumsaidia. Kumbe mimi kaunta nina ruhusa ya kumwambia "mama, anzia dirisha lile", yeye hatakiwi kumwegemea mmoja. Sasa lengo la tatu nalo linatikisika.

#19 BabaWaWatatu
Mwanangu, mimi si mwanasheria, ni mzazi, niko Iringa. Binti yangu alikuwa anasubiri shule kama wewe, akaniambia hataki tena uwakili, anataka kufundisha. Niliuza ekari mbili kumsomesha LLB. Nilikasirika, sikumjibu simu siku nne. Baadaye mama yake akaniuliza: ulinunua shahada au ulimnunua mtoto?

Wote mnazungumza kana kwamba lengo ni la mtu mmoja. Hela ya mama mdogo imo humo. Kabla hujauliza hapa kama ni kukua au kupotea, umemuuliza yeye? Alijinyima kwa ajili ya wakili. Huenda atafurahi na hakimu, huenda hataki kusikia. Lakini ana haki ya kujua kabla ya sisi tusiomjua.

#20 MzeeWaHoja
#19 hapo nakuunga mkono kwa mikono miwili.

#21 Bumu_lilinipita
Kuhusu hela: Bodi ya Mikopo nayo imekuwa ikitoa mikopo kwa wanafunzi wa Shule ya Sheria, fuatilia mwongozo wa mwaka huu usitegemee kaunta peke yake. Ila jua deni la LLB bado lipo pale pale, ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara, na ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo inaongezwa juu yake.

#22 MtotoWaSinza
#21 ile 6 ilifutwa 2021 mkuu. 15 ipo.

#23 Bumu_lilinipita
Sawa, nimesahihishwa. Ya kwangu nilimaliza kulipa kabla ya hapo, ndiyo maana bado inaniuma.

#24 Makanga_wa_Kisumu
Mzee wa #19 amenigusa. Mamangu alikuwa akiniamsha saa kumi niende stage, na alikuwa akilia kwa sababu alijua nimesomea nini. Sikuwahi kumweleza kwamba pale kwa gari ndipo nilikuwa najifunza. Alifariki kabla sijaapishwa. Kijana, mweleze mama mdogo mapema.

#25 Kopi_na_Lamineti
Wakuu samahani nje ya mada kidogo. Mleta uzi, na mimi nataka kufungua steshenari karibu na mahakama, Singida. Mashine ya kopi uliyonayo ni mpya au mtumba? Na kuchapa unatoza vipi?

#26 KijanaWaKaunta
#25 mtumba, nyeusi tupu, usihangaike na ya rangi, mahakamani hawaitaki. Kuchapa ukurasa elfu moja, kopi mia. Wino ndio unaokula faida, tafuta fundi wa kujaza kabla hujatafuta mashine. Na weka benchi. Kwetu benchi ndilo lililoleta wateja, watu wanakuja wamechoka na hawajui waanze wapi, wakikaa wanaanza kusema.

#19 baba, shikamoo. Nimemwambia jana usiku tukiwa tunahesabu hela za siku. Nikamweleza uhakimu, uwakili, na kwamba sijui. Alinyamaza, akamaliza kuhesabu noti, akafunga mpira. Akasema: "Mimi nilidhani unataka kuondoka kwa sababu umeichoka kaunta yangu." Hatukuendelea. Leo asubuhi nimekuta kaandika kwenye daftari la akiba, pale alipokuwa ameandika "Ada ya wakili", kafuta neno la mwisho, pamebaki "Ada".

Maombi ya yule mama uamuzi ni Jumanne. Mzee wa ng'ombe nimempata, kesho anakuja na karatasi zake zote.

#27 MzeeWaHoja
Dirisha la maombi ya shule linafungwa lini? Umeshaangalia?

#28 KijanaWaKaunta
Nimeangalia leo mzee wangu. Nimejaza nusu ya fomu.

#29 Kopi_na_Lamineti
Asante kwa majibu. Fundi wa wino wa kuaminika Singida mjini kuna anayemjua?